Kwa Hiari ya Mgonjwa

Alhamisi ile kinyozi hakutokea. Katika chumba namba sita cha kliniki, maputo manane yalikuwa yamekwisha jazwa upepo kwa pampu ya baiskeli na kufungwa kwa uzi kwenye mguu wa meza, na povu la sabuni kwenye bakuli lilikuwa limeanza kushuka. Mtaalamu wa tiba kwa vitendo alitazama saa ya ukutani. Wagonjwa walimwita Mwalimu wa Vijiko, maana kazi yake ilikuwa kuwafundisha watu wazima kushika kijiko upya. Saa nne na dakika ishirini. Katika miezi miwili yule mzee hakuwahi kuchelewa hata siku moja. Siku zote alikuwa wa kwanza kwenye benchi, kofia gotini, mkono wa kulia umelala mapajani kama mzigo aliobebeshwa na mtu mwingine.

Aliyeingia alikuwa binti yake, peke yake, bado amevaa koti la duka la dawa alikofanya kazi.

"Habari za asubuhi, Mwalimu."

"Nzuri, dada. Mzee yuko wapi? Wateja wake wanamsubiri." Mwalimu akaonyesha maputo.

Binti hakucheka. "Hataendelea."

"Anaumwa?"

"Hapana. Ameamua kupumzika."

"Ameamua yeye?"

Binti alifungua mkoba akatoa shati lililokunjwa. Kola ilikuwa na doa la damu lililokauka. "Jumapili nimemkuta mbele ya kioo na wembe, kwa mkono wa kushoto. Amejikata hapa." Akagusa chini ya taya yake. "Sisi tulimleta afundishwe vifungo na kijiko. Hukutuambia unampa wembe."

"Siku ya kwanza nilimuuliza anataka nini. Vifungo hakutaka. Alisema anataka kunyoa."

"Na ukamsikiliza."

"Ndiyo kazi yangu. Wiki sita alishika wembe butu. Huu wa makali nimempa juzi tu, tena hapa, juu ya puto. Huko nyumbani lazima alichukua wa zamani. Aliniomba nisiwaambie mpaka siku atakayomnyoa rafiki yake."

"Kazi yako inaisha saa kumi, Mwalimu. Mimi ndiye ninayelala naye nyumba moja. Akijikata shingo, watu wataniuliza mimi, si wewe."

Mwalimu alivuta droo akatoa fomu ya kuacha tiba. Ni karatasi moja, yenye mistari michache. Katikati imeandikwa: *Naacha tiba kwa hiari yangu*. Chini yake ni sahihi ya mgonjwa.

"Hapa anasaini mwenyewe," alisema.

"Hawezi kuandika."

"Kwa mkono wa kushoto anaweza. Polepole."

"Mwalimu, nimeomba ruhusa ya saa moja tu kazini."

Mlango ulikuwa wazi. Kwenye benchi alikaa mwanamke muuza chai aliyeungua mikono yote miwili kwa maji ya moto. Jina lake lilikuwa juu kabisa ya orodha ya watu thelathini na wanane. Alikuwa amesubiri miezi saba, na kila Alhamisi alikuja kukaa pale, endapo mtu hatafika. Ngozi ya viganja vyake ilikuwa imepona kwa kujikunja, ikaanza kuvuta vidole kwa ndani. Fomu ikisainiwa, angeingia leo. Mwalimu alijua anachotakiwa kusema. Alitakiwa kusema, ichukue nyumbani, umsomee, alete mwenyewe. Badala yake aliisogeza kalamu.

Binti aliandika jina la baba yake kwa mwandiko safi wa shule. Alipotoka, nyuma yake alisikia muuza chai akiitwa, na mwanamke yule akainuka kwa haraka hata kandambili moja ikabaki chini ya benchi.

*

Nyumbani, baba yake alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, amevaa. Shati la mistari la Alhamisi, viatu, kofia gotini. Vifungo alikuwa amevifunga mwenyewe, akaruka kimoja, upande mmoja wa kola umepanda kuliko mwingine.

"Tumechelewa," alisema. Tangu kiharusi, maneno yalimtoka moja moja, kila moja likisubiri lililotangulia lipite.

Njiani alikuwa amejipanga kumweleza. Alikuwa hata na maneno: Baba, nakuogopea. Lakini alipoona lile shati lililofungwa upande, maneno yalimkauka.

"Mwalimu hayupo leo," alisema. "Anaumwa."

"Pole yake," baba akasema. Akafikiri kidogo. "Maputo je?"

"Yapo, Baba. Yatamsubiri."

Akamfungua vifungo ili amfunge upya. Baba alitazama dirishani wakati wote vidole vya bintiye vikipita kifuani mwake, kama alivyotazama dirishani alipoogeshwa, na alipofungwa kitambaa shingoni kabla ya kula. Miaka arobaini yeye ndiye aliyewafunga watu kitambaa shingoni.

Kiti chake cha kunyolea kilikuwa bado chumba cha mbele, cha chuma, kizito, na sehemu ya kuegemeza miguu iliyolika katikati. Nyembe zilikuwa kwenye sanduku la bati chini ya kioo. Jioni ile binti alilichukua sanduku, akalifunga kwa mfuko wa plastiki na kulificha nyuma ya ndoo jikoni. Alifanya hivyo huku baba yake akiwa chumba cha pili, akijisemea kwamba si wizi kama kitu hakitoki nyumbani.

Usiku alimpigia simu kaka yake. Huyu nyumbani walizoea kumwita Meneja tangu akiwa mtoto, kwa sababu alipenda kupanga wenzake, na baadaye ofisi ya maji ikampa umeneja kweli.

"Umefanya vizuri," Meneja alisema. "Puto. Mtu mzima anapewa puto. Ule ni mchezo wa watoto wa chekechea."

"Kaka, alikuwa anafurahi."

"Furaha na usalama ni vitu viwili. Sasa tulia."

Hakutulia. Alhamisi iliyofuata alimkuta baba amevaa tena. Safari hii vifungo vyote vilikuwa mahali pake.

"Wamefunga, Baba. Wanapaka rangi."

"Rangi gani?"

Swali hilo hakulitegemea. "Nyeupe," alisema.

"Nyeupe inachafuka," baba akasema, na akavua kofia.

*

Alhamisi ya tatu alikuja Mzee Posta, aliyegawa barua mtaani humo mpaka alipostaafu. Alikuwa ameapa kwamba kichwa chake hakitaguswa na kinyozi mwingine, na sasa, baada ya mwaka mzima, nywele zake nyeupe zilisimama pande zote.

"Kinyozi," alisema kabla hajakaa, "nimekuletea shamba. Mke wangu anasema nikianguka kichwa chini atanitumia kudekia nyumba."

Kinyozi alicheka. Kicheko chake siku hizi kilitoka upande mmoja wa mdomo, lakini kilikuwa kicheko. "Nina... wateja wengine kwanza," alisema. "Hawana nywele... na bado wanalalamika."

"Akina nani hao?"

"Maputo."

Ilibidi aeleze, na kueleza kulichukua muda. Mzee Posta alisubiri kila neno, kwa sababu maisha yake yote alikuwa mtu wa kungojea kwenye milango. Alielewa kwamba puto linapakwa povu, kisha linanyolewa kwa mkono wa kushoto, na ukikandamiza linapasuka usoni pako. Alielewa kwamba wiki ya kwanza yalipasuka yote, na wiki ya nane likapasuka moja tu kati ya manane.

"Ndiyo maana," Mzee Posta akasema. "Mwalimu wako nimemkuta asubuhi hii nilipopeleka goti langu. Akaniuliza, mzee hajambo? Mbona aliacha? Nikamwambia, mama, mimi mambo ya ndani sijui."

Binti alikuwa mlangoni na sinia. Vikombe viligongana.

"Anaumwa," kinyozi alisema.

"Nani? Yule? Mzima kama mimi na wewe. Mzima kuliko mimi." Kisha Mzee Posta akaona uso wa binti, akaelewa amekanyaga pasipokanyagwa, akaanza kutafuta fimbo yake. "Mimi niende. Goti hili likikaa sana linagoma."

Walipobaki wawili, kinyozi alianza kufungua vifungo vya shati la mistari. Kimoja, kisha kingine. Bintiye aliweka sinia chini akasogea amsaidie, naye akainua mkono wa kushoto, kiganja wazi, kumzuia.

"Nani... alisema naacha?"

"Baba, ulijikata. Niliona damu."

"Nani alisema?"

"Mimi."

"Kwa jina la nani?"

Baba yake alimaliza kifungo cha mwisho, akavua shati, akalikunja juu ya goti kwa mkono mmoja, vizuri, kingo juu ya kingo. Kisha akalala na kugeukia ukuta.

*

Siku tisa zilipita hajasema neno. Alikula vijiko viwili vitatu, akafunga mdomo. Ndevu zikaota. Bintiye alipokuja na beseni na wembe wa plastiki wa dukani amsafishe kidevu, aligeuza uso polepole, bila hasira, na upole ule ndio uliomvunja. Alikaa jikoni akalia, mgongo ukiegemea ile ndoo.

Alirudisha sanduku la bati chini ya kioo. Baba hakuinuka kulitazama.

Meneja alikuja na gari la ofisi. Alisimama katikati ya chumba cha baba yake, funguo mkononi.

"Mzee, habari? Naona umegoma." Akamgeukia dada yake. "Amekula?"

"Muulize yeye."

"Amekula au hajala?"

"Kaka, yuko hapa. Muulize yeye."

Meneja alimtazama dada yake kama aliyemkosea adabu mbele ya wageni. Walitoka wakaenda chumba cha mbele, na binti akasema kwa sauti ya chini kwamba amekosa, kwamba aliandika jina la baba mahali ambapo hakutakiwa, kwamba anataka nafasi irudi. Meneja hakumlaumu. Kupanga kulikuwa kazi yake. Mkuu wa kitengo pale kliniki alikuwa mwenzake wa darasani, na simu ilichukua dakika nne.

"Alhamisi saa nne," alisema. "Zamu zake zilizobaki ni nne, atamaliza. Umeona? Kitu kidogo."

"Na yule aliyeingia?"

"Yupi?"

"Kuna mama aliingia nafasi ya Baba."

"Atapangwa," Meneja akasema.

Mkuu wa kitengo alimwambia Mwalimu wa Vijiko arekebishe orodha. Mwalimu alisema yule mama hajakosa kitu. Mkuu alisema hakuna aliyesema amekosa. "Ni wiki nne. Amesubiri miezi saba, atashindwa wiki nne?" Mwalimu alisema vidole vikianza kunyooka visiachwe, vitajikunja tena. Mkuu alisema anajua, yeye pia amesoma. Mwalimu angeweza kukataa. Alifikiria ile kalamu aliyoisogeza mwenyewe, akaona mdomo wake hauna nguvu ya kudai haki, akabadili jina kwenye orodha.

*

Waliwasili saa nne kasoro. Kinyozi alikubali kuvalishwa kwa sababu aliambiwa kweli: tunakwenda kwa Mwalimu. Alitembea na fimbo, ndevu za wiki mbili, Meneja mbele akifungua njia na bintiye pembeni.

Muuza chai alikuwa amekwisha fika. Simu yake ilikuwa imezima, ujumbe haukumfikia. Mwalimu alisimama mbele yake mlangoni, akizungumza kwa sauti ya chini, na muuza chai akizungumza kwa sauti yake ya kawaida, kwa sababu hakujua kuna jambo la kuficha.

"Nimechelewa, Mwalimu?"

"Hapana, mama."

"Mazoezi nafanya. Asubuhi na jioni. Muulize hata mwanangu."

"Najua unafanya. Vidole vinaonyesha."

"Basi ni kipi?"

Mwalimu alitazama sakafu. Benchi zima lilitazama sakafu.

"Zamu..." Sauti ilikuwa nzito, imekwaruza kwa kutotumika. Binti aligeuka. Baba yake alikuwa amesimama. "Zamu ya nani?"

"Ni yako, Baba," Meneja akasema. "Tumeshapanga. Ingia."

"Sikukuuliza... wewe."

Mwalimu alivuta pumzi. "Ni yake, mzee. Tumeichukua kwake turudishe kwako."

Kinyozi alisogea mpaka benchi, akaketi kando ya yule mwanamke. Alitazama mikono yake kama alivyokuwa akitazama kichwa cha mteja mpya, bila haraka, akisoma ngozi inaelekea wapi.

"Unataka nini?" alimuuliza.

Muuza chai alidhani anaulizwa kwa ukali. "Mimi, mzee? Nataka kushika birika. Lililojaa. Sasa hivi namimina nusu nusu, wateja wanachoka, wanakwenda kwa mwingine."

Kinyozi aliitikia kwa kichwa. Kisha akamwambia Mwalimu, "Lete fomu."

"Mzee, si lazima. Ni wiki nne tu, halafu yeye..."

"Lete."

"Baba," Meneja alisema, na safari hii sauti yake haikuwa ya ofisini, "usiamue kwa hasira. Si unataka kunyoa?"

"Kunyoa nataka." Akapumzika. "Kwa zamu ya mtu, sitaki."

Fomu ililetwa, ikawekwa juu ya benchi. Kalamu aliishika kwa mkono wa kushoto kama alivyofundishwa kushika wembe, vidole vitatu, kidole cha mwisho kikielea. Karatasi iliteleza. Akamwangalia bintiye.

"Shika karatasi," alisema.

Binti alipiga magoti kwenye sakafu ya korido akaishika kwa vidole viwili kila upande. Meneja alitazama saa, kisha akaacha kuitazama. Ilichukua muda mrefu. Herufi zilitoka kubwa, zimeinama, mbili zimepita nje ya mstari. Alipomaliza, bintiye alisoma maneno yaliyokuwa juu ya jina, na yalikuwa ya kweli.

"Nitakuandika mwisho wa orodha," Mwalimu alisema. "Uanze upya, zamu kumi na mbili. Ni wa thelathini na tisa."

"Niandike."

Kabla hawajaondoka, Mwalimu aliingia chumbani akarudi na pakiti ya maputo na ile pampu. Alimpa binti. Kwa dakika kumi alimwonyesha jinsi ya kumshikia mzee puto, kiwiko kiegemee wapi, na lini anyamaze. Muuza chai alikuwa ndani akisubiri. Dakika hizo kumi zilitoka kwenye zamu yake, naye alisema hazina neno.

*

Wakawa na utaratibu. Kila jioni binti alikalia kile kiti cha chuma, shuka la kunyolea limemfunika mpaka shingoni, puto limeshikwa mbele ya kifua. Baba alipaka povu kwa brashi. "Usipumue," alisema, naye hakupumua. Maputo yalipopasuka, povu lilimrukia bintiye usoni, na baba akamfuta kwa ncha ya shuka.

Kuomba msamaha binti alikusudia kila siku. Alilitafuta neno la kuanzia hakulipata. Alichokifanya ni kuuliza. Baba, unataka chai au uji. Unataka dirisha wazi. Unataka nikufunge au utafunga mwenyewe. Kisha alisubiri, hata kama jibu lilichukua dakika nzima na sufuria linafurika.

Katika mwezi wa nne wa utaratibu huo, wiki mbili zilipita bila puto hata moja kupasuka. Mzee Posta alikuja na lile shamba lake, akajikalisha kwenye kiti bila kukaribishwa, akafumba macho.

"Haya. Nimeaga nyumbani."

Baba alinyoosha mkono kuelekea sanduku la bati. Kisha akamtazama bintiye. Hakumwomba ruhusa. Alitaka tu aone.

"Baba, tusubiri zamu ifike," binti alisema. "Mwalimu aangalie kwanza. Watu kumi na wawili tu wamebaki."

Alisema kwa upole, na kwa sababu alisema kwa upole, wazee wale wawili walimkubalia. Mzee Posta aliinuka akajifuta mabega ambayo hayakuwa na nywele.

"Wewe ndiye tarishi," kinyozi akamwambia. "Kusubiri... unajua."

Kiharusi cha pili kilikuja Jumatatu ya mwezi uliofuata, asubuhi, kikamkuta akijifunga vifungo. Watu watano walikuwa wamebaki mbele yake. Siku ya mazishi Mzee Posta alisimama nyuma kabisa, kofia kichwani, nywele zimetokeza pande zote, na binti hakuweza kutazama upande ule.

Muuza chai alimaliza zamu zake kumi na mbili. Alhamisi saa nne sasa ni ya mvulana wa karakana. Katika kliniki ile, faili la kinyozi lina fomu mbili za kuacha tiba, ya chini kwa mwandiko safi wa shule, ya juu kwa herufi kubwa zilizoinama. Faili hutunzwa miaka saba, kisha huchomwa.